Beterave haiongezi damu, tafadhali

Juzi tena: mama mwenye endometriozi (utando kama ule wa ndani ya kizazi unaota nje yake) ameingia kwangu hapa Bukavu, viganja vimepauka, anahema kama amepanda mlima wa Kadutu kwa miguu, na chupa ya maji ya beterave (bitiruti) iko mkobani. "Docta, nakunywa kila asubuhi, damu itapanda." Haipandi, mama. Wekundu wa beterave si chuma, yale madini yanayotengeneza damu, ni betanini, rangi tu. Gramu 100 zake zina chuma kisichofika hata miligramu 1, na tumbo linachukua sehemu ndogo sana ya hicho. Nyanya ya kopo kwenye maziwa, nayo eti ya kuongeza damu, sitaki hata kuiongelea.

Piga hesabu. Mililita 1 ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Anayepoteza mililita 80 akiwa mwezini, na hapo ndipo tunaanza kusema damu ni nyingi, amepoteza miligramu 40. Ukigawa kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya miligramu 1 kwa siku, juu ya ile 1 hivi ambayo mwili hupoteza hata bila hedhi. Nasema chuma kilichoingia mwilini, si kilicho sahanini! Kwenye sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha) na maharagi, mwili huokota kidogo. Kwenye maini, nyama na sambaza (samaki wadogo wa ziwani) huchukua zaidi. Ukiwa na ferritini (kipimo cha akiba ya chuma mwilini) 6, yaani akiba imekwisha, chakula peke yake hakikufikishi, unahitaji vidonge vya chuma. Chakula ni cha kuzuia usirudi hapo.

Na si kila mwenye endometriozi anatoka damu nyingi. Wengi shida yao ni maumivu. Damu ikimwagika, mara nyingi kuna adenomiozi (utando huo kuota ndani ya msuli wa kizazi) au fibromu (uvimbe wa kizazi) pembeni. Kwa hiyo ukiniambia ugonjwa "unakula damu", nitakuuliza pedi ngapi. Ukibadilisha kila saa, nenda kwanza kwa daktari wa akina mama. Mimi siwezi kujaza mtungi uliotoboka.

Kinachonichosha zaidi ni karatasi ya laboratwari iliyoandikwa "normal". Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na hewa nyembamba hupandisha hemoglobini, ile ya kwenye damu inayobeba oksijeni. 12.3 ya hapa si 12.3 ya Kinshasa: hapa inaweza kuwa tayari ni upungufu. Ferritini nayo hudanganya, maana hupanda mwili ukiwa na inflamasioni (mwili kuwaka ndani ukijikinga), na endometriozi ni inflamasioni. OMS, Shirika la Afya Duniani, inaweka mpaka wa chini wa ferritini kuwa 15 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, 70 kwa mwenye maambukizi au inflamasioni. Je, endometriozi ya huyu dada mbele yangu inatosha kumweka kwenye 70? Naomba CRP, kipimo cha inflamasioni, inarudi katikati, nakuna kichwa. Mara nyingi nampa vidonge, halafu natazama kama atapata nguvu. Si sayansi ya kujivunia.

Halafu kuna wanaoambiwa waache nyama nyekundu kabisa. Ndiyo, uchunguzi mkubwa wa wauguzi wa Marekani ulikuta waliokula nyama nyekundu nyingi, zaidi ya mara 2 kwa siku, waligunduliwa na endometriozi zaidi. Mara mbili kwa siku! Nani hapa Bukavu anakula hivyo? Tena uchunguzi huo unahusu kuupata ugonjwa, hausemi kitu juu ya aliye nao tayari. Mwanamke anayeona nyama Jumapili tu, ukimnyang'anya hiyo pia, umemsaidia nini? Nawaambia wale, na sambaza wasitupe vichwa.

Chai na kahawa, saa moja au mbili mbali na chakula. Ndimu juu ya lengalenga. Basi.

Vidonge: siku moja kunywa, siku moja pumzika, kwa sababu dozi ya leo huufanya mwili ufunge mlango wa kesho. Pia tumbo linafunga kidogo, na kwa mwenye endometriozi ya utumbo, kufunga choo si mchezo. Maji, papai, na akishindwa tunabadilisha aina. Kinyesi kikiwa cheusi usishtuke. Hemoglobini ikishafika sawa, endelea kama miezi 3 ili akiba ijae, ndipo tupime ferritini tena.