Skrubu tairini: maneno ya kijiweni na ukweli wa fundi

Ilikuwa skrubu ya bati, ile yenye kichwa cha pembe sita na washa ya mpira mweusi. Niliikuta imezama katikati ya tairi la nyuma la pikipiki yangu, Goba, Dar es Salaam, kwenye barabara ya vumbi inayopita kando ya nyumba zinazoezekwa. Kichwa tu ndicho kilichokuwa kinang'aa. Upepo upo, pikipiki imesimama vizuri. Sijainuka, vijana wawili wa kijiweni wameshaanza kubishana. Mmoja: "Kaka, ing'oe haraka, itakata tyubu." Mwenzake: "Usiiguse kabisa bro, hiyo ndiyo inayokushikia upepo."

Kila mmoja alikuwa anazungumzia pikipiki yake. Hakuna aliyeuliza tairi langu lina tyubu au halina, na hapo ndipo ushauri mwingi wa pancha unapoharibikia.

"Soma ubavuni mwa tairi, utajua"

Nilisoma. Limeandikwa TUBELESS. Nikafurahi, nikajua nina tyublesi, yaani tairi lisilo na tyubu ndani, nikaendesha taratibu kama nusu kilomita mpaka kwa fundi. Yule mzee hakusoma chochote. Aliangalia vali, ule mdomo wa kujazia upepo, akacheka. Vali yangu ilikuwa ya chuma, ina nati kwenye rimu. Mara nyingi vali ya tyublesi ni mpira mnene uliobana kwenye tundu la rimu, na ya tyubu ndiyo ya chuma chenye nati. Aliyeniuzia pikipiki alishachomeka tyubu ndani na hakusema.

Maandishi ya ubavuni yanakwambia tairi lilitengenezwa liwe nini. Hayakwambii fundi wa mwaka juzi alilifanyia nini. Na kama rimu yako ni ya spoku za kawaida, usijisumbue sana kuchunguza, maana upepo ungetokea kwenye matundu ya spoku. Ndani mna tyubu.

"Ikiziba tundu, iache, utazoeana nayo"

Kwa tyublesi kuna nusu ya ukweli. Upepo unashikiliwa na tairi lenyewe, na mpira wake mnene huyabana meno ya skrubu, kwa hiyo unaweza kuvuja kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ukiing'oa porini huna vifaa, umejifungia safari mwenyewe. Lakini kuiacha ni kuiacha mpaka kwa fundi, si mpaka mwisho wa mwezi. Kila gurudumu linapozunguka, barabara inakigonga kile kichwa, skrubu inacheza, tundu linapanuka, nyuzi za ndani ya tairi zinakatika na maji yanapata njia.

Kwenye tyubu mambo ni mabaya zaidi. Tyubu ni nyembamba na haikugandana na tairi. Inajisogeza kidogo kidogo wakati ncha ya skrubu imekaza palepale. Tundu moja linazaa mengine. Ile nusu kilomita yangu ilinipa matundu mawili, yameachana kama upana wa kidole. Kama ningeisukuma pikipiki, huenda ningelipia kiraka kimoja.

"Kamata plaizi uivute"

Skrubu si msumari. Ina meno, na ukiivuta kwa nguvu inatoka na nyama ya mpira. Chukua bisibisi au spana inayoenea kichwa, uifungue kinyumenyume kama unavyoifungua kwenye ubao. Kabla ya hapo paka maji ya sabuni kuizunguka. Mapovu yasipopanda, huenda ni fupi na haijafika ndani. Hata hivyo ifungulie kwa fundi, si njiani. Pia piga alama ya chaki mahali ilipokuwa, uangalie na vali iko wapi. Tyubu ikishatolewa, alama hiyo inaokoa dakika nyingi za kuizamisha kwenye beseni la maji.

"Gundi ikiwa mbichi ndiyo inashika"

Hili ndilo kosa ninaloliona kila wiki, hata kwa watu wenye vifaa vyao chini ya siti. Anapaka solusheni, ile gundi ya pancha, anabandika kiraka hapo hapo, anakikanyaga kwa kisigino, kesho analia. Solusheni inatakiwa ikauke kwanza mpaka ukigusa kwa ncha ya kidole isikutoke na uzi, inate kidogo tu. Hapo ndipo kiraka na mpira vinashikana. Na usiipulizie kwa mdomo ili ikauke haraka, maana pumzi ina unyevu. Sehemu yenyewe lazima iwe imekwanguliwa vizuri kwa msasa. Ule mng'ao wa tyubu mpya hauishiki gundi.

Mzee wangu wa Goba hakutumia solusheni. Alikuwa na kiraka cha moto: tyubu imebanwa kwenye chuma, juu yake pistoni chakavu iliyogeuzwa kuwa kikombe, ndani petroli kidogo inayowaka. Moto ukazima wenyewe, akasubiri chuma kipoe, hakuwa na haraka. Anayefungua kibano kabla hakijapoa anaharibu kazi nzima.

Kwa tyublesi, ile kamba ya mpira yenye gundi inayosukumwa kwa sindano ni ya kukufikisha. Kiraka kinachobandikwa kutoka ndani ndicho cha kudumu. Tundu la ubavuni halizibwi kwa njia yoyote kati ya hizo, kwa sababu ubavu unakunjika kila mzunguko. Nunua tairi.

"Pancha ikirudi, fundi ndiye anamwaga misumari"

Sitamtetea kila fundi wa nchi hii. Ila pancha ikirudi baada ya siku moja, anza na tairi: huenda kuna kipande kimebaki. Fundi mzuri hupitisha kitambaa ndani ya tairi zima kabla ya kurudisha tyubu, kwa sababu vidole vinaweza kukosa waya mdogo au kuchanwa nao. Angalia pia tundu liko upande gani wa tyubu. Likiwa upande wa rimu tu, mara nyingi si msumari wa barabarani. Huenda ni kichwa cha spoku, au mkanda wa rimu umechakaa.

"Jua likiwa kali, punguza upepo"

Kinyume chake. Tairi lenye upepo kidogo linakunjika zaidi, na kukunjika ndiko kunakozalisha joto. Jaza kipimo cha mtengenezaji, upime asubuhi tairi likiwa baridi.

"Pancha ikikukuta mwendoni, funga breki"

Usifunge. Shika usukani imara bila kupambana nao, achia mafuta, acha mwendo ushuke wenyewe. Ukilazimika kutumia breki, tumia kidogo ile ya gurudumu lenye upepo. La mbele likiisha upepo usukani unakuwa mzito na unavuta upande. La nyuma likiisha, mkia ndio unaocheza. Abiria ashuke hapo hapo, hata kama zimebaki nyumba tatu. Ukiendelea kuendesha tairi limelala, linateleza juu ya rimu na kuivuta tyubu mpaka vali inang'oka, na tyubu iliyong'oka vali hakuna fundi atakayeibandika.