Chuma Chakavu Kiulize kwa Cheche

Patasi ya kwanza niliyouza hapa Kisumu ilirudishwa kabla jua halijatua. Mzee aliyeinunua hupasua mawe upande wa Seme, yale matale ya ukoo mmoja na Kit Mikayi, jabali maarufu la huko, na ncha yake ilikuwa imejikunja kama kucha ya kuku. "Fundi, hii ni ya kukatia ugali," akasema, akanyoosha mkono apewe pesa zake. Aliyeniuzia chuma kile aliniapia kuwa ni springi ya lori. Kumbe ni chuma bapa cha geti kuukuu, kimepakwa grisi tu.

Tofauti iko kwenye kaboni. Chuma cha geti na madirisha kina kama asilimia 0.2, springi bapa ya gari karibu 0.6, na tupa hufika 1 au zaidi. Kaboni ikiwa haba, hata ukikipasha chuma moto na kukizima, yaani kukipoza ghafla, mara kumi, makali hayatasimama.

Siku hizi sinunui neno la mtu. Nabeba msumari na kipande cha tupa mbovu, naomba grainda, nasimama kivulini. Msumari hutoa cheche ndefu, zilizonyooka, zinazopasuka kwa nadra. Tupa hutoa cheche fupi zilizochanua kama maua ya mwembe. Springi halisi iko kati yao, ila maua yake ni mengi. Ukiona cheche nyekundu, hafifu, zinazofia karibu na jiwe la grainda, hicho ni chuma cha kusubu. Usikipeleke kwenye nyundo, kitavunjika vipande. Macho huchukua muda kuzoea, ndiyo maana sampuli zangu haziachi mfuko. Nikifika nyumbani nakata ncha ndogo, naipasha hadi iwe nyekundu ya kung'aa, naizima majini, kisha naikwaruza kwa tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, nimepata mali.

Hata springi halisi ina ila yake: imetupwa kwa sababu imechoka. Mimi huipaka mafuta ya taa, naipangusa ikauke, halafu naisugua chaki. Palipo na ufa mafuta hutoka tena na kuchora mstari. Mara nyingi naacha katikati, nachukua sehemu za mwisho.

Ifue ikiwa ya rangi ya chungwa. Ikififia irudishe makaani, maana nyundo juu ya springi iliyopoa huzaa nyufa. Kuzima, pasha ncha peke yake hadi sumaku iache kuishika, ongeza moto kidogo, tumbukiza kwenye mafuta ya kupikia yaliyopashwa vuguvugu. Maji huipasua. (Oili chafu ya gereji ni ya bure, lakini moshi wake siutaki kifuani.) Kisha ng'arisha kwa msasa, pasha polepole kutoka nyuma, uangalie rangi zikitambaa: manjano ya majani makavu, kahawia, zambarau. Patasi ya mawe naisimamisha kwenye zambarau. Kichwa kinachopigwa nyundo kiache laini, la sivyo kitarusha vibanzi machoni.

Bomba lenye zinki silichomi: mvuke wake uliwahi kunilaza usiku mzima na homa ya baridi. Shoki ya gari imezibwa pande zote, ikiingia motoni hulipuka. Na kipande cha reli, hata kiwe fuawe tamu kiasi gani, sikigusi kama sijui kilikotoka. Sheria ya Kenya ya 2015 inamtaka mwuza chakavu awe na leseni, na Januari 2022 biashara nzima ilisimamishwa kwa miezi kadhaa kwa sababu ya watu waliokuwa wakifungua vyuma vya minara ya umeme. Tulilala njaa wote, wezi na mafundi.

Mzee wa Seme nilimfulia patasi nyingine. Amerudi mara mbili kunolewa tu, ingawa bado huigeuzageuza na kuikagua kama samaki ngege wa jana.