Bwawa Jipya la Kuogelea: Harufu ya Dawa Isikudanganye

Mwenye bwawa jipya hapa Mtwara akiulizwa kuhusu usafi wa maji yake, jibu huwa jepesi: "Si unasikia harufu ya dawa?" Sisi wa afya ya mazingira harufu hiyo ndiyo hututia shaka. Klorini, ndiyo dawa yenyewe, ikiwa huru majini hainuki sana. Inayonuka na kuwasha macho ni ile iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogeleaji, na nguvu yake ya kuua vijidudu imebaki kidogo. Bwawa linalonuka mara nyingi lina njaa ya dawa, na waogeleaji wake hawajazoeshwa kuoga kwanza.

Kwa hiyo pima, usinuse. Nunua kipimo cha maji cha bwawa na ukitumie kila siku. Klorini huru iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, kati ya 7.2 na 7.6. Hiyo pH wengi huipuuza, nayo ndiyo inayoamua kama fedha ya dawa imefanya kazi. Ikifika 8, ni takriban robo tu ya klorini yako inayoua vijidudu kwa haraka. Kwa ukanda wetu wa pwani tatizo ni kubwa kidogo, kwa sababu maji ya visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe huwa na chokaa nyingi inayopandisha pH, na klorini ya chembechembe huongeza chokaa hiyo. Ukiona utando mweupe kwenye vigae, ndiyo hiyo.

Kiasi cha dawa hakikadiriwi kwa kopo. Bwawa la mita 8 kwa 4, lenye kina cha wastani wa mita 1.5, lina lita 48,000. Kupandisha klorini kwa miligramu 2 kwa lita kunahitaji takriban gramu 150 za chembechembe zenye klorini ya asilimia 65. Itie jioni, watu wakishatoka. Jua la mchana huimaliza sehemu kubwa ndani ya saa chache. Kisha pima tena asubuhi.

Asidi ya kushusha pH na klorini visikutane kamwe, hata kwenye ndoo iliyosuuzwa juujuu: hutoa gesi ya sumu. Asidi huongezwa kwenye maji, maji hayamwagwi kwenye asidi. Na stoo ya dawa iwe na kufuli.

Majani yaopoe kila siku kwa wavu; mwenye mkorosho karibu na bwawa anajua ninachosema. Chujio la mchanga lisafishwe kwa kurudisha maji kinyume pale mshale wa presha unapopanda kiasi cha nusu baa juu ya kawaida yake. Mvua kubwa ikinyesha, pima upya, maana huzimua dawa na kuleta uchafu. Pampu ikiharibika usiliache bwawa limetuama, utafuga mbu.

Uzio wenye geti linalojifunga uwepo kabla ya maji kujazwa. Na kila asubuhi, kabla ya kufungua, simama ukingoni utazame tundu la kutolea maji kwenye sakafu ya kina kirefu. Usipoliona vizuri, asiingie mtu, hata kama wageni wamekwisha lipia.