Kranberi Haioti Majini

Nimeulizwa tena, na mtu aliyezitazama kwa makini picha zangu za mashamba ya zamani ya kranberi, yale matunda madogo mekundu machachu, katika msitu wa misonobari wa New Jersey, Marekani: "Mbona hakuna maji?" Swali ni la heshima, lakini nimekwisha kulijibu mara nyingi mno, na sasa naona heri niandike jibu kwa kirefu, kwa kuwa dhana iliyo nyuma yake ndiyo inayowafanya watu wapite kando ya shamba lililolimwa kwa miongo mingi wakidhani wamepita porini.

Kranberi haioti majini. Ni mmea wa kutambaa, wenye majani madogo magumu yasiyopukutika, unaopenda udongo wa mchanga na mboji wenye asidi, maji yakiwa karibu chini ya mizizi lakini si juu yake. Picha zinazosambazwa kila mwaka, za wakulima waliosimama ndani ya maji wakizungukwa na matunda mekundu, zinaonyesha siku chache tu za mavuno. Tunda lina vyumba vinne vya hewa ndani yake. Kwa hiyo shamba hujazwa maji kidogo, mashine huyapiga matawi mpaka matunda yachomoke, kisha maji huongezwa na matunda yanayoelea husukumwa hadi ukingoni. Katika New Jersey njia hiyo ilishika katika miaka ya 1960. Kabla ya hapo kazi kubwa ilifanywa pakavu, kwa mikono na kwa vichanuo vya mbao, na hata leo matunda mabichi yanayouzwa sokoni kwa kawaida huvunwa pakavu. Mtu anayedai kuona maji yaliyofunikwa na matunda mekundu katika picha ya shamba lililoachwa kabla ya miaka hiyo anadai kuona jambo ambalo yamkini halikuwahi kutokea pale.

Msomaji aliyekulia karibu na majaruba ya mpunga, Mwea au Mbarali, ataelewa upesi umbo ninalolitafuta: ardhi iliyosawazishwa, tuta pande zote, mfereji na mahali pa kuingizia na kutolea maji. Asiuvute mfano huo mbali zaidi, maana mpunga husimama majini wakati unakua, ilhali kranberi huzamishwa wakati imelala, katika miezi ya baridi kali, ili barafu na upepo mkavu visiyaue matawi yake. Majira ya kuchipua yakifika maji huondolewa, na mmea huchanua na kuzaa juu ya ardhi iliyo wazi. Maji hapa ni chombo cha kazi kinacholetwa na kuondolewa, na ustadi wote wa waliojenga mashamba haya ulikuwa katika kuyaleta na kuyaondoa kwa wakati wake.

Kwa hiyo mimi huanza na lango la maji wala si na bwawa. Nguzo mbili za mbao zimesimama katika pengo la tuta, kila moja ikiwa na mfuo uliochongwa wima, na ndani ya mifuo hiyo mbao ziliteremshwa moja juu ya nyingine mpaka maji yafikie kimo kilichotakiwa. Ukikuta nguzo hizo, hata zikiwa zimeoza vichwa, jiulize maji yalitoka wapi. Panda upande wa juu na aghalabu utakuta bwawa la akiba, wakati mwingine likiwa limemezwa na vichaka. Whitesbog, kijiji cha zamani cha kranberi katika msitu huu, ambako James Fenwick alianza kulima kranberi mwaka 1857, inafaa sana kwa kujifunzia, kwa sababu matuta yake bado yanapitika na mashamba yamepangwa yakifuatana hivi kwamba maji yale yale yalitumika zaidi ya mara moja yakishuka. (Hapo hapo ndipo Elizabeth White, mjukuu wa Fenwick, na mtaalamu wa mimea Frederick Coville walipofanikiwa kulima buluberi kwa biashara, na mavuno ya kwanza yakauzwa mwaka 1916, lakini hiyo ni habari nyingine.) Katika kijiji kingine cha zamani, Double Trouble, kando ya kijito cha Cedar Creek, mambo yalitanguliwa na shoka: mierezi meupe ya kinamasi ilikatwa na kupasuliwa mbao, na ardhi iliyobaki wazi ikawa shamba.

Sasa nije kwenye maji yenyewe, kwa sababu ndiyo yanayoharibu picha nyingi. Yana rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, itokanayo na tanini za mimea na chuma kilichomo ardhini, chuma kile kile kilichoyeyushwa katika tanuru la Batsto, humu humu msituni, kuanzia mwaka 1766. Katika mfereji uliotulia huonekana utando unaong'aa juu ya maji, na watu hukasirika wakidhani kuna aliyemwaga mafuta. Uguse kwa kijiti. Ukivunjika vipande vyenye kingo kali vinavyobaki vimeachana, ni kazi ya bakteria wa chuma; mafuta yangejifunga tena.

Kamera ikiachiwa iamue rangi yenyewe huuona wekundu huo kuwa kasoro na kuusafisha mpaka maji yawe ya kijivu. Mimi huweka rangi kwa mkono, kwa kipimo cha mwanga wa jua, na siibadilishi. Pia kipima mwanga cha kamera hudanganywa na weusi wa maji yenye kina, kikaiunguza anga iwe nyeupe tupu. Punguza mwanga kidogo. Kichujio cha polaraizi, kioo cha kukata mng'ao wa maji, nakitumia pale tu ninapotaka mchanga wa chini uonekane katika maji mafupi. Katika maji ya kina kinaondoa taswira ya miti na kuacha weusi mtupu.

Mengine nayapitia haraka. Tembea juu ya matuta, kwa maana mifereji iliyofunikwa na vichaka humeza mguu mzima. Vaa rangi ya chungwa katika msimu wa uwindaji, jikague kupe, na usiingie katika shamba linalolimwa bila ruhusa ya mwenyewe. Majira bora ni kuanzia Novemba hadi Machi, matawi ya kranberi yanapogeuka rangi ya damu ya mzee na jua la chini linapoichora mifereji kwa kivuli.

Mashaka yangu yako katika umri. Miongozo husema kwamba shamba lililoachwa huingiwa na majani na vichaka, kisha miti ya maple nyekundu, misonobari au mierezi, kana kwamba ni kalenda. Nimeona mashamba mawili yanayopakana kwa tuta moja, la kwanza limefungwa na miti kabisa, la pili bado ni zulia la kranberi, na sababu pekee niliyoweza kuiona ni lango moja lililooza wazi na jingine lililozibwa na biva, wanyama wajengao mabwawa kwa matawi. Kranberi yenyewe ni mmea wa asili wa msitu huu, hivyo kuikuta imetambaa hakuthibitishi kwamba iliwahi kupandwa. Mti mrefu unaniambia tangu lini maji hayajarudi mahali pale. Hauniambii mkulima aliondoka lini, na sioni namna ya kuyatenganisha hayo mawili kwa macho.

Basi ukiniletea picha ya shamba la namna hii ukitaka nikuambie ni la zamani kiasi gani, niletee na picha ya lango lake, mifuo ya nguzo ionekane, na unitajie mwezi ulioipiga. Bila hivyo nitakuwa nabahatisha.