Mtunzi na prodyuza wa muziki wa kantri: kazi yake ni ipi hasa?

Katika muziki wa kantri, anayeimba mara nyingi siye aliyetunga wimbo, wala siye aliyeamua usikike vile unavyosikika. Mtunzi huandika maneno na melodi. Prodyuza huchagua wimbo unaomfaa mwimbaji, huita wapiga vyombo, husimamia kurekodi, na ndiye mwenye kauli ya kusema imetosha au turudie. Wasikilizaji wa Kenya waliokua na sauti ya Jim Reeves redioni wanalifahamu jina lake vizuri, lakini ni wachache wanaomjua Chet Atkins, prodyuza aliyeipangia sauti ile utulivu wake. Mtu mmoja akizishika kazi zote mbili anakuwa na nguvu kubwa sana, maana yeye anatunga na yeye anaamua kipi kirekodiwe.

Msomaji aliyezoea Bongo Fleva atahitaji kusahihisha picha aliyonayo. Kwetu prodyuza ndiye anayetengeneza biti, kisha msanii anakuja kuweka sauti juu yake. Kule Nashville, mji wa jimbo la Tennessee ambao ndio makao ya muziki huu, kwa muda mrefu wimbo ulianza na mtunzi na gitaa lake. Akimaliza anarekodi demo, yaani rekodi ya mfano ya kuuonyesha wimbo, na kampuni inayosimamia haki zake inaipeleka kwa maprodyuza. Prodyuza anaweza kuupenda wimbo, akauzuia miezi kadhaa, na mwisho asiutumie. Ukipita, wanaitwa wapiga vyombo wa studio, ambao pengine ndiyo mara yao ya kwanza kuusikia. Kikao cha kawaida ni cha saa 3, na zamani nyimbo 3 au 4 zilikamilika humo. Waliweza kwa sababu ya ufundi wao, na kwa sababu kwenye karatasi hawaandiki majina ya kodi, yaani sauti zinazopigwa kwa pamoja, bali namba za nafasi zake kwenye ngazi ya muziki: 1, 4, 5. Mwimbaji akiona ufunguo uko juu mno, unateremshwa na karatasi inabaki ileile. Mfumo huo ulianzishwa na Neal Matthews wa kundi la Jordanaires mwishoni mwa miaka ya 1950.

Kwa kuielewa kazi hii simjui mfano bora kuliko Billy Sherrill. Alizaliwa mwaka 1936 huko Alabama, mtoto wa mhubiri, na alipokuwa mdogo alipiga piano kwenye mikutano ya injili. Mwaka 1963 lebo ya Epic ilimwajiri kama prodyuza huko Nashville. Mwaka 1966 akafika ofisini kwake mwanamke aliyewahi kufanya kazi saluni, Virginia Wynette Pugh, ambaye lebo nyingine zilikwisha kumkataa. Sherrill akamchukua na kumpa jina la Tammy Wynette. Miaka miwili baadaye, wakiwa katikati ya kurekodi na wimbo mmoja umepungua, wawili hao walikaa pembeni wakaandika “Stand by Your Man” kwa dakika chache, kisha wakaurekodi hapohapo. Kwenye wimbo huo Sherrill ni mtunzi mwenza, ni prodyuza, na ni mwajiriwa wa lebo inayouuza.

Hata hivyo kazi yake ninayoiheshimu zaidi ni ya wimbo ambao hakuutunga. “He Stopped Loving Her Today” ni wa Bobby Braddock na Curly Putman, na unasimulia mwanamume aliyempenda mwanamke mmoja mpaka kifo kikamwachisha. Sherrill aliona kuna kitu kinakosekana. Aliwarudisha watunzi wakaandike zaidi, akitaka yule mwanamke afike msibani, na wakauleta ubeti huo. George Jones, aliyeimba, aliamini huzuni imezidi na hakuna atakayeununua. Ulipotoka mwaka 1980 ulishika namba 1, na Chama cha Muziki wa Kantri kikautangaza wimbo wa mwaka mara mbili mfululizo. Jina la Sherrill halimo kwenye orodha ya watunzi, na fungu la mtunzi halikumhusu.

Suala hili la mafungu ni zito. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1909 iliweka malipo ya utunzi kuwa senti 2 kwa kila nakala ya wimbo, na kiwango hicho hakikuguswa hadi mwaka 1978. Nakala milioni 1 zilileta dola 20,000. Kwa desturi nusu ilikwenda kwa kampuni ya haki, na kama watunzi ni wawili, kila mmoja aliondoka na dola 5,000. Kilichowaweka watunzi mjini ni redio, kwa sababu Marekani redio ya kawaida humlipa mtunzi na kampuni yake wimbo unapopigwa, wakati mwimbaji na prodyuza hawapati kitu hapo. Prodyuza hulipwa ada na asilimia ndogo ya mauzo. Ndiyo maana Dolly Parton, mwimbaji na mtunzi wa kantri, alisimama imara meneja wa Elvis Presley alipodai nusu ya haki za wimbo alioutunga, “I Will Always Love You”, ili Elvis aurekodi. Ilimuuma, lakini alikataa, na Whitney Houston alipouimba mwaka 1992 mrabaha wa utunzi ulikwenda kwa Dolly.

Zama za kaseti na CD, mtunzi mwenye wimbo uliofichika ndani ya albamu alilipwa kwa kila nakala sawa na mwenye wimbo uliovuma, hata kama hakuna redio iliyoupiga. Watu wengi walilea familia kwa nyimbo za namna hiyo. Kwenye mitandao ya kusikiliza muziki, wimbo usiochezwa haulipi. Braddock, yule mtunzi wa “He Stopped Loving Her Today”, aligeukia uprodyuza kabla mitandao hiyo haijashika, na mwaka 2001 akasimamia kazi za kwanza za mwimbaji Blake Shelton. Sasa vijana wengi wa Nashville wanatunga na kurekodi pamoja na msanii tangu siku ya kwanza, ili wawe na fungu pande zote mbili. Ni busara kwao, lakini naihuzunikia demo ya mtunzi asiyejulikana, maana nafasi yake ya kufika kwenye meza ya prodyuza inazidi kuwa finyu.