Siku Moja Lübeck: Fuata Chumvi

Wageni ninaowapangia safari wakifika Hamburg na kubakiwa na siku moja, nawapeleka Lübeck, mji wa kale wa biashara kaskazini mwa Ujerumani. Treni ya mkoa huchukua kama dakika 45. Mkiwa kikundi, nunueni tiketi ya pamoja ya jimbo la Schleswig-Holstein. Siku za kazi huanza kutumika saa tatu asubuhi, kwa hiyo msijihimu bure.

Kutoka stesheni hadi Holstentor, lango la kale la mji, ni mwendo mfupi kwa miguu. Lilikamilika mwaka 1478, na minara yake imeinama kwa sababu ardhi ya hapo ni tepetepe. Mwaka 1863 nusura libomolewe. Liliokolewa kwa kura moja tu. Watu wengi hupiga picha hapo, wakanunua marzipani (peremende ya lozi), wakaridhika. Mimi nawaambia wageuke kulia, watazame maghala ya matofali kando ya mto Trave. Humo ndimo ilimowekwa chumvi ya mji wa Lüneburg ikisubiri meli za Skandinavia. Huko ilitumika kuhifadhi samaki aina ya heringi, ambao Wakatoliki wa Ulaya waliwahitaji siku za mfungo. Bila biashara hiyo Lübeck isingekuwa kinara wa Hansa, muungano wa miji ya biashara ya Ulaya Kaskazini, na ukilijua hilo, kila jengo utakalokutana nalo baadaye linajieleza.

Kanisa la Marienkirche, kwa mfano. Wafanyabiashara walilijenga kwa matofali, na dari lake la kati linafika mita 38.5 kwenda juu. Ingia, kisha nenda kwenye mnara wa kusini: kengele zilizoanguka mji ulipopigwa mabomu Machi 1942 bado zimelala sakafuni, zimevunjika vilevile. Mtunzi wa muziki Bach naye alikuja hapa mwaka 1705, kijana wa miaka 20, akitembea kutoka mji wa Arnstadt alikofanya kazi ili amsikilize Buxtehude, mpiga kinanda wa kanisa hili. Aliomba ruhusa ya wiki nne, akakaa karibu miezi minne. Mwajiri wake hakufurahi.

Ukitaka kuuona mji wote kutoka juu, kanisa la Petri lina lifti. Makumbusho ya Hansa ni mazuri mno, ila yatakula nusu siku yako. Yaache kama hulali huko. Jumapili maduka mengi hufungwa, na Jumatatu makumbusho kadhaa.

Mchana wote uliobaki upe vichochoro. Nyuma ya nyumba za matajiri kuna njia nyembamba, nyingine zenye dari la chini kiasi cha kukulazimu uiname, zinazoingia kwenye vijumba walimokaa vibarua na mafundi. Zipo karibu 90 hadi leo. Nyingine ni nyua zenye nyumba pande zote: Füchtingshof, ya mwaka 1639, ilijengwa kwa ajili ya wajane wa wafanyabiashara na manahodha. Watu wanaishi humo, kwa hiyo punguza sauti na usichungulie madirishani. Tena wahi mapema, maana malango ya baadhi ya nyua hizo hufungwa jioni.