Jiokemia si biashara ya vito: dhana potofu na ukweli

Arusha imezoea vito, kwa hiyo kijana akisema anasomea kemia ya miamba huulizwa kwanza bei ya tanzanaiti. Dhana nyingi kuhusu kazi hii zimeanzia hapo.

"Mwanajiokemia anatafuta almasi safi."
Anatafuta yenye doa. Doa hilo ni punje ya madini mengine, kama ganeti au salfaidi, iliyonaswa ndani ya almasi, na humo ndimo umri unamosomwa. Kaboni-14, kaboni yenye mionzi inayopima umri wa mabaki, haisaidii: baada ya miaka 50,000 hivi haibaki ya kupimika, ilhali almasi nyingi zina zaidi ya miaka bilioni 1. Hupimwa jozi za elementi ambazo moja hugeuka nyingine polepole: reniamu na osmiamu kwenye salfaidi, au samariamu na neodimiamu kwenye ganeti. Lakini punje iliyokuwapo kabla ya almasi kukua inaweza kutoa umri usio wa almasi yenyewe.

"Almasi ni makaa ya mawe yaliyokandamizwa."
Makaa hutokana na mimea ya nchi kavu, nayo haikuwapo almasi nyingi zilipoumbika. Nyingi zilikua kilomita 150 hadi 200 chini, zikapandishwa na magma (mwamba ulioyeyuka) ya aina ya kimbalaiti, kama za Mwadui, Shinyanga.

"Mawe ya manteli hayafikiki."
Manteli ni tabaka lililo chini ya ganda la dunia, na kweli, hakuna aliyechimba hadi huko. Lakini volkano ya Lashaine, karibu na Monduli, ilibeba vipande vyake hadi juu. Pasua bonge la lava na unaweza kukuta jiwe lenye olivini ya kijani na ganeti ya zambarau.

Kazi ngumu huanzia hapo. Chagua kipande kikubwa kuliko ngumi. Chenye kutu ya kahawia kimeshaliwa na maji ya mvua, kiache. Kata ganda la nje, sentimita 2 hivi, kwa sababu lava hupenya kwenye nyufa na kuchafua kemia ya jiwe. Msumeno nao huacha chembe za chuma, basi sugua kila uso uliokatwa kwa msasa, kisha osha kwa maji yaliyotoneshwa. Ponda, chekecha, kisha kwa kibano chini ya hadubini okota punje moja moja, zisizo na ufa wala wingu. Siku nzima inaweza kupita kwenye kiti hicho. Ukisaga kwa kinu cha tungsteni kabaidi, vipimo vyako vya tungsteni na kobalti vimeharibika. Tumia cha akiki.

"Gamba la konokono ni kipimajoto."
Baharini, karibu hivyo: maji yakipoa nyuzi 4 hivi, oksijeni-18, yaani oksijeni nzito, kwenye gamba huongezeka kwa sehemu 1 katika 1,000. Ziwa kama Manyara lina jambo jingine. Jua likinyonya maji, oksijeni nyepesi hutangulia kuondoka na nzito hubaki, na gamba hudanganya kwamba kulikuwa na baridi. Pia hakikisha kwa eksirei kwamba aragoniti, madini ya gamba lenyewe, haijageuka madini mengine, kalsaiti, maana ikigeuka, kumbukumbu ya awali huenda imefutika.

"Elimu hii haina faida kwa mwananchi."
Florini katika visima vingi kuzunguka Mlima Meru inatoka kwenye miamba ya volkano, na anayejua kupima miamba ndiye anayeweza kueleza kwa nini kisima kimoja kinafaa na cha jirani hakifai. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakuiondoi: mvuke hupotea, florini hubaki sufuriani ikiwa imekolea zaidi.